Mkongo Umefika

Nyumba ya mama yangu ndiyo ya mwisho kwenye waya wa simu. Waya huo unatoka Morogoro mjini, unapanda Uluguru kwa kufuata barabara ya zamani, unafika misheni, halafu unateremka korongoni kupitia mashamba ya kabichi na njegere mpaka kwetu. Baada ya nguzo yetu hakuna nguzo nyingine, ni migomba na msitu. Marehemu baba alikuwa fundi wa waya huo. Kazi yake ilikuwa kutembea chini yake akitazama juu, kuona tawi limeangukia wapi na nguzo gani imelegea. Alipokaribia kustaafu, wakubwa wake walimruhusu auvute hadi nyumbani, ili wampate kwa urahisi simu ya zahanati inapokufa. Ndivyo tulivyopata simu ya mezani wakati majirani bado walikuwa wakitumana salamu kwa mdomo.

Nimeanza na waya, lakini habari yenyewe ni ya mikono ya watu wawili: mama yangu, na mdogo wangu wa kiume ambaye ni kiziwi. Alizaliwa anasikia. Akiwa hajatimiza miaka mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na alipopona tulidhani amekuwa mkaidi, kwa sababu akiitwa hageuki. Mama ndiye aliyegundua. Siku moja aliangusha sufuria nyuma yake makusudi, na mtoto akaendelea kuchora ardhini kwa kijiti.

Kuanzia hapo wakaanza kutengeneza lugha yao. Hakuna aliyewafundisha. Misheni ilikuwa mkono unaovuta kamba ya kengele. Baba alikuwa kiganja juu ya macho, mtu anayetazama juu. Mimi, kwa kuwa nilipenda kucheza mwalimu, nilikuwa kidole kinachoandika hewani. Shamba la juu lilikuwa na ishara yake, shamba la chini nalo yake, na jirani mmoja muongo alikuwa na ishara ambayo nisingependa kuieleza hapa. Alipofika miaka tisa mdogo wangu alipelekwa shule ya viziwi. Huko alijifunza lugha ya alama wanayoitumia viziwi wenzake, akajifunza kusoma kidogo, na akajifunza useremala. Lakini akirudi likizo, akikanyaga tu uani, mikono yake ilibadilika, na yeye na mama wakaendelea pale walipoishia. Watu wawili tu duniani walikuwa wakiijua lugha hiyo vizuri. Mimi nilikwenda shule ya bweni yeye akiwa bado mdogo, kisha nikafundisha fizikia mbali na nyumbani miaka mingi. Nilibaki na ishara chache za kuomba maji na kusema nimechoka.

Nilipostaafu nilirudi kumtunza mama, kwa sababu alikuwa amepata kiharusi. Kwetu Waluguru ardhi na nyumba hufuata upande wa mama, kwa hiyo nilikuwa narudi kwangu pia. Mdogo wangu alikuwa Mpanda, katika karakana ya mbao anayofanyia kazi na viziwi wenzake wawili, na kutoka huko hadi kwetu ni siku nyingi za treni na basi. Alikuwa akija kila Krismasi.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia. Mguu ulirudi nusu, mkono ukarudi polepole zaidi. Kila asubuhi nilimpa mama soksi niliyoikunja kama mpira, akawa anaiminya huku anahesabu, na akifika ishirini anaitupa chini na kusema, "Basi mwalimu, darasa limekwisha." Daktari wa mjini aliniita pembeni akaniambia ukweli: kingine kinaweza kuja, na hakuna anayejua lini. Mtu mwingine angeogopa mama asije akapoteza kauli. Mimi niliogopa mikono. Mama akipoteza mikono, hataweza tena kuongea na mwanawe, na Krismasi ilikuwa mbali. Nilitaka waongee kabla, kwa simu ya picha, wakitazamana.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hilo dogo lilikuwa gumu. Usiogope, si somo zito. Kwetu ni korongoni, na mgongo wa mlima unakinga minara yote ya simu za mkononi. Ukitaka mtandao unapanda nusu saa hadi juu. Tulijaribu mara moja kumbeba mama kwenye kiti, wanaume wanne wakipokezana. Ukungu ukashuka, mtandao ukawa unakuja na kwenda, mama akarudi na kifua. Hatukurudia.

Ikabaki simu ya baba. Kwenye waya ule wa shaba unaweza kupitisha intaneti, na mimi niliipitisha. Lakini waya ni kama mpira wa maji tunaouvuta kutoka kwenye chemchemi kwenda bustanini. Ukiwa mfupi, maji yanaruka. Ukiunganisha mpira juu ya mpira hadi shamba la mwisho, kinachofika ni matone. Sisi ndio tulikuwa shamba la mwisho. Meseji ilipita, kwa sababu meseji ni tone moja. Picha inayotembea inahitaji ndoo nzima kila sekunde.

Kwa hiyo mama aliona mkono wa mwanawe ukiwa kifuani, halafu ghafla uko usoni, na safari ya katikati haipo. Katika lugha yao, safari hiyo ya katikati ndiyo neno lenyewe. Aliinama karibu na kioo cha kishikwambi changu, akafumba jicho moja, akasema, "Anagugumiza. Mwanangu hajawahi kugugumiza."

Nilimshauri nimrekodi, kisha nitume. Dakika moja ya picha ilichukua karibu siku nzima kuondoka, na mara nyingi ilikatikia njiani. Isitoshe, mama hakupenda.

"Nitajuaje kama ameelewa?" aliniuliza. "Nikimwambia kitu nanyanyua nyusi, naye ananyanyua zake, ndipo naendelea. Mimi siongei na ukuta."

Mara tatu nilimwandikia mdogo wangu kwamba Jumapili hii tutaongea kwa picha, nimebadilisha kifaa, safari hii itakubali. Mara tatu alikaa Mpanda amevaa shati safi, na mara tatu tukamwona amegandishwa, mdomo wazi. Baada ya mara ya tatu niliacha kumwahidi. Sikutaka avae tena shati lile bure.

Ndipo likaja neno mkongo. Mafundi walionekana kwenye nguzo za chini, wakivuta waya mweusi mpya kupeleka misheni, kwa ajili ya zahanati na shule ya sekondari. Kila mtu alisema mkongo unakuja, mkongo uko kwenye daraja, mkongo umefika kanisani. Waya wenyewe ndani yake una nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Mwanga ndani ya kioo hauchoki upesi kama umeme ndani ya shaba, kwa hiyo hata shamba la mwisho linapata ndoo yake. Nilikwenda ofisini kwao mjini, nikaeleza kwamba nguzo zipo tayari hadi mlangoni kwetu, na wakakubali kuusogeza.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanga haupindi kona. Jua lenyewe haliingii jikoni kwangu."

Ilikuwa hoja nzuri kuliko nyingi nilizosikia darasani. Nilichukua chupa ya maji ya plastiki, nikaitoboa ubavuni kwa msumari, nikaijaza, tukaingia jikoni ambamo mchana ni giza. Niliwasha tochi upande wa pili wa chupa. Maji yalipotoka kwa kupinda kwenda chini, mwanga ulipinda nayo. Nilimwambia akinge mkono. Akakinga ule wa kulia, ule dhaifu, na maji yakaangukia kiganjani yakiwa na mwanga ndani yake. Alikitazama kiganja mpaka chupa ilipoisha.

Kisha akasema, "Ijaze tena."

Jioni hiyo alikuja mtani wake. Ukoo wa mama huyo na ukoo wa mama yangu wanataniana tangu mababu, na mtani wa kwetu hana mipaka, hata mbele ya mgonjwa.

"Wewe bado upo?" alisema kabla hajaketi. "Nimeshafua khanga za msiba wako, zinachakaa kambani."

"Zivae utangulie wewe," mama alijibu. "Ukifika niwekee nafasi, ila si karibu yako. Unakoroma."

Nikamwambia mgeni habari njema, kwamba mkongo unaletwa nyumbani kwetu. Akanitazama, akamtazama mama, akapiga kofi kwenye paja lake.

"Mkongo kwa huyu? Mkongo ni mbao ya wakubwa, hata mchwa wanauogopa. Huyu tutamlaza kwenye msonobari, tena wenye mafundo."

Tulicheka wote watatu. Ni kweli, mkongo ni mti pia. Mbao zake ni nyekundu na nzito, na wenye uwezo hutengenezea milango na majeneza. Nilimsahihisha kwa utaratibu, nikamweleza habari ya kioo na mwanga, akasema sawa mwalimu, na mimi nikalisahau jambo hilo palepale.

Jumamosi niliambiwa kwamba fundi atafika kwetu Jumatatu. Nilijipa siku moja zaidi ya kupima kila kitu, kisha nikamwandikia mdogo wangu. Niliiandika meseji kwa uangalifu, nikaisoma mara mbili, nikaweka na nukta mahali pake. Nainukuu yote:

"Mkongo umefika. Unaletwa nyumbani Jumatatu. Jumatano saa kumi utamwona Mama. Uwe tayari."

Baada ya muda akajibu neno moja: "Nimeelewa."

Nilifurahi. Nilimwonyesha mama lile neno kwenye simu, naye akaomba nimsuke nywele kabla ya Jumatano.

Fundi alifika Jumatatu kama alivyoahidi, mwanamume mwenye kofia ngumu na miwani. Alipanda nguzo ya baba, akautoa waya mweusi, akaupitisha pembeni mwa dirisha.

"Shikamoo bibi," alisema alipoingia.

"Marahaba. Ndiyo huo? Mbona mwembamba? Mjusi akipita si utakatika?"

"Haukatiki bibi. Ila tafadhali usianikie nguo."

"Nguo nitaanika kwa mtani wangu, ana kamba ndefu ya khanga."

Fundi hakuelewa, lakini alicheka kwa heshima. Aliunganisha uzi wa kioo kwa mashine ndogo, ameinama juu yake kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, kisha kisanduku cheupe kikawasha taa zake za kijani. Nilipima Jumanne mchana kutwa. Nilimpigia mwalimu mwenzangu wa zamani aliye Dodoma, tukaonana wazi kiasi cha kuhesabu mvi zake. Nilimpungia mkono na mkono haukuruka popote.

Jumatano mama alikaa mbele ya kishikwambi tangu saa saba. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Saa kumi kamili nikapiga. Haikuita. Nikapiga tena baada ya dakika tano, kisha baada ya kumi. Nikaandika, "Uko wapi?" Meseji haikupokelewa. Nilimwambia mama huenda umeme umekatika Mpanda, huenda simu imeisha chaji. Nilikuwa na maelezo mengi.

"Nikurekodi, Mama?" nilimuuliza. "Sasa inakwenda mara moja. Akiwasha simu tu, anakuona."

"Kesho atapokea. Nimekwambia, siongei na ukuta."

Wakati simu inasubiri kupokelewa, kioo hukuonyesha wewe mwenyewe. Mama akajiona. Aliinua mkono wa kushoto, kisha wa kulia ukafuata kwa kuchelewa kidogo, na kwenye kioo mikono yote miwili ilipita vizuri, bila kukatika. Akaitazama.

"Inaonekana," alisema. Kisha akanigeukia. "Ngoja nikuonyeshe nitakachomwambia, usije ukasema nilikuwa sina la kusema."

Akaanza. Alizungumza kwa mikono, ananitazama mimi usoni, akinyanyua nyusi mahali ambapo mwanawe angenyanyua zake. Iliendelea kwa muda, labda dakika tatu, labda zaidi. Sikuelewa ila ishara mbili tatu. Niliitikia kwa kichwa na kutabasamu kama watu wanavyofanya mbele ya mgeni anayeongea lugha wasiyoijua. Kishikwambi kilikuwa mezani, mbele yangu. Sikumrekodi, kwa sababu alikuwa amekataa, na kwa sababu sikuwa na shaka na kesho.

Alhamisi asubuhi alikuwa anakunywa chai. Kikombe kilianguka, na nilipogeuka mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Safari hii kiharusi kilichukua upande wa kushoto, na ule wa kulia uliokuwa umerudi kwa soksi na kuhesabu ukaondoka tena. Muuguzi wa zahanati alikuja mbio. Alitumia intaneti yetu mpya kumwonyesha daktari wa mjini, na daktari akamwona mama wazi kabisa, akamwambia muuguzi ammulikie macho, akauliza maswali, akaeleza la kufanya. Alisema tusimteremshe kwa barabara ile na mvua iliyokuwa ikinyesha. Ilifanya kazi vizuri sana. Nilisimama pembeni nikishikilia kishikwambi, na nilitamani kukitupa.

Mdogo wangu alifika Ijumaa adhuhuri, kwa miguu kutoka misheni, matope hadi magotini. Nilimwona kutoka uani. Begani alikuwa na mfuko wake wa kazi, mpini wa msumeno umetokeza juu. Hakunisalimia. Alisimama akitazama uani, kwanza upande wa migomba, ambako angeona udongo mpya kama tungekuwa tumezika, kisha kando ya ukuta, kisha chini ya paa la jiko. Alikuwa anatafuta kitu. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani.

Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito, macho wazi. Macho yake yakamwona.

Sijui nikuelezeje alichofanya mdogo wangu. Alitoa sauti, yeye ambaye hujizuia kutoa sauti mbele za watu. Alipiga magoti, akaweka uso wake kwenye mkono wa mama, akakaa hivyo. Alipoinuka alikuwa anacheka na analia. Akanigeukia, akatoa simu yake iliyokuwa imezimika tangu Tabora, nikaichomeka kwenye chaji, na ilipowaka akafungua meseji yangu, akaiweka mbele yangu na kuisoma kwa kidole.

Chini ya neno mkongo alisimamisha kidole, kisha akagonga meza kwa kifundo. Mbao. Chini ya maneno unaletwa nyumbani aliuelekeza mkono wake pale ukutani uani alipokuwa anatazama. Chini ya utamwona Mama alifumba macho na kukunja mikono kifuani. Chini ya uwe tayari alinyanyua mfuko wake: randa, msumeno, nyundo, gundi. Alikuwa amekuja kumtengenezea mama jeneza kwa mikono yake. Aliondoka Mpanda Jumapili. Treni ilichelewa, Jumatano ikapita akiwa njiani, akajua amechelewa kumuaga, akaendelea tu.

Kisha akaandika kwenye karatasi, "Mkongo wapi?"

Nilimpeleka dirishani. Nilimwonyesha waya mweusi unaopita pembeni mwa fremu, na kisanduku cheupe chenye taa za kijani. Aliutazama, akaugusa, akatazama tena mfuko wake. Hakukasirika. Ningependelea angekasirika.

Miaka yote niliyofundisha niliwaambia wanafunzi wangu kwamba anayeeleza ndiye mwenye wajibu wa kueleweka. Kiswahili cha kuandika, kwa mtu aliyeacha kukisikia kabla ya miaka mitatu, ni lugha ya kigeni. Nililijua hilo tangu alipoanza shule. Kama na wewe una ndugu kiziwi na unamwandikia, nakuomba upokee ushauri huu kutoka kwa aliyekosea: andika sentensi fupi, yenye maneno ambayo nyote wawili mmeshayatumia, na usiridhike na neno nimeelewa. Mwambie akueleze ameelewa nini. Inachukua dakika moja tu, na si dharau kwake.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kama ningeandika vizuri, angebaki Mpanda, na Jumatano saa kumi mama angemwambia yote mwenyewe, nyusi kwa nyusi. Lakini basi asingekuwa kwenye treni, na asingemkuta hai. Watu wananiambia nishike hilo la pili. Nalishika. La kwanza bado lipo.

Jioni ya Ijumaa aliketi kando ya kitanda, akaongea na mama kwa mikono, taratibu, karibu na uso wake. Macho ya mama yaliifuata mikono. Mikono yake mwenyewe ilikuwa juu ya shuka na haikunyanyuka. Mdogo wangu alingoja baada ya kila neno, kama alivyozoea, na jibu halikuja. Nilikuwa nimemwandikia kwamba Jumatano mama alimngoja, akanionyesha kwa mikono atakachomwambia. Mwisho akanigeukia, akanionyesha mama, akaonyesha kisanduku, akaandika, "Jumatano yeye sema nini?"

Nilimwandikia kwamba sijui, kwamba alisema mengi lakini sikuelewa. Akaisoma. Akachukua mikono yangu, akainyanyua hadi usawa wa kifua changu, akaiacha hapo.

Nikajaribu. Nilifumba macho nimwone mama kwenye kitenge chake cha Pasaka, nikaanza kuiga. Sikujua ninasema nini. Mkono wa kushoto hivi, wa kulia unachelewa, bega linasogea mbele, nyusi. Mdogo wangu alinisimamisha, akanirekebisha kidole gumba, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alionekana mwenye umri wake. Akaandika kwa haraka ili nami nijue. Mama alikuwa akilalamikia mlango wa mbele, ule ambao yeye alimtengenezea Krismasi. Mvua ikinyesha unavimba na kukwama, naye anausukuma kwa bega, na bega zima limebaki moja, je, anataka kulimaliza na hilo?

Tukaendelea. Anakula nini huko. Nani anamfulia. Yule rafiki aliyevunjika mguu amepona? Mambo ya kawaida kabisa. Halafu ikafika sehemu ya katikati, ishara tano au sita, ambapo mama alikuwa amepunguza mwendo na kuniangalia kwa makini zaidi. Niliiga. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Nikabadilisha, nikatanguliza ile ya mkono wazi, nikarudisha nyuma ile ya kugusa kidevu. Akatikisa kichwa. Tulijaribu mpaka mikono yangu ikauma. Tuligeuka kumtazama mama, kama vile angeweza kutusahihisha. Alikuwa anatutazama wote wawili, na chozi lilikuwa limeteremka hadi sikioni. Sijui kama lilikuwa la huzuni au ni jicho tu ambalo halikuweza kufumba vizuri.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu alifungua mfuko wake. Aliung'oa mlango wa mbele kwenye bawaba zake, akaulaza juu ya viti viwili mahali ambapo mama angeweza kuona kutoka kitandani, akaupiga randa ukingoni. Maranda yalianguka sakafuni na chumba kikanuka mbao. Akaurudisha. Akaufungua, akaufunga, ukaenda bila kugusa popote. Akamtazama mama na kunyanyua nyusi.

Mama alifariki Jumapili mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Jeneza lilikuwa la msonobari, na lilitengenezwa na fundi ambaye hakuruhusu mtu mwingine aguse hata msumari mmoja. Mtani wa mama alikuja na khanga zake. Kwa desturi ilimpasa afanye mzaha wake mbele ya watu. Alianza na habari ya msonobari na mafundo, akashindwa kumaliza, akamwomba mtani mwenzake amalizie.

Sasa nakaa peke yangu kwenye nyumba ya mwisho. Intaneti ni nzuri, na watoto wa majirani wanakuja kujisomea hapa baada ya shule. Jumapili mchana mdogo wangu ananipigia kutoka Mpanda. Ananifundisha ile lugha yake na mama kidogo kidogo, kwa uvumilivu ambao mimi nilidhani ni wangu. Nimeshajua siku za wiki, mazao yote ya bustani, na ndugu wengi. Kabla hatujaagana namwomba angoje kidogo. Nainua mikono yangu na kujaribu tena ile sehemu ya katikati, kwa mpangilio ambao hatujaujaribu. Picha haigandi wala haikatiki. Anainama karibu na kioo, anaangalia mpaka nimalize, kisha anatikisa kichwa.